Carina Kuukuu na Mlima wa Newala: Miguu Kwanza, Injini Baadaye

Gari linalotoka Masasi kwenda Newala huanzia nchi ya chini, kati ya majabali yanayouzunguka mji, kisha hulazimika kuupanda ukingo wa Uwanda wa Makonde. Newala iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na ardhi yake ni mchanga. Kiangazi mchanga huo humeza tairi; mvua zikinyesha hukatika mifereji. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilomita 210, na lami yake imekuwa ikijengwa kwa vipande, kuanzia kile cha kilomita 50 kati ya Mtwara na Mnivata. Ukiiacha barabara kuu na kuingia njia za mashambani, habari ya lami inaishia hapo.

Gari linalofanya kazi huku si lazima liwe Land Cruiser. Mara nyingi ni sedani ya familia: Corolla 110, Carina Ti, Premio ya zamani, Mark II GX100. Asubuhi linapeleka watoto shule. Msimu wa kupuliza mikorosho linabeba mifuko ya salfa ya kilo 25, na usiku likihitajika linamkimbiza mgonjwa hospitali ya Mkomaindo au Ndanda. Gari lenyewe lina zaidi ya miaka 20, na mwenyewe halitupi, kwa kuwa kuagiza jingine kuna ushuru wake, ukiwemo ule wa uchakavu. Kwa hiyo fedha za korosho zinapoingia, baada ya minada ya vyama vya ushirika vya TANECU na MAMCU, swali linalofika gereji ni moja: tulifungie injini kubwa?

Jibu la mwongozo huu ni kwamba injini kubwa inaweza kufaa, lakini si kazi ya kwanza. Gari la uwandani huanza kuimarishwa miguu, kisha breki, kisha injini iliyopo hupewa afya yake. Hapo ndipo mwenye gari atajua kama bado anahitaji nguvu zaidi. Wengi wakifika hatua hiyo hukuta walichokuwa wakikitafuta tayari wanacho.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake wa zamani. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa miaka mingi ushindi wake ulichukuliwa na sedani ambazo mwalimu au karani angeweza kuzimiliki. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiendesha Volvo PV544, halafu 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yakafika 7 tena. Katika barabara za namna hiyo, farasi wengi chini ya boneti hawakumsaidia mtu ambaye shokapu zake zimekufa. Magari yaliyofika ndiyo yaliyoshinda.

Tuchukue Carina Ti, iliyotengenezwa kati ya 1996 na 2001, iwe mfano wetu. Mengi yanayosemwa hapa yanaihusu Corolla 110 pia, kwa sababu magari hayo mawili yamejengwa kwa mtindo mmoja: shokapu zilizovikwa springi mbele na nyuma, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta, na injini za ukoo wa A.

Anza kwa kulikagua gari likiwa halijanyanyuliwa. Kandamiza kona moja ya bodi kwa nguvu kisha uachie. Bodi ikipanda na kutulia, shokapu bado ina kazi. Ikiendelea kucheza juu na chini, imekwisha. Pita kona zote nne, halafu chungulia kila shokapu. Vumbi lililoganda na mafuta kwenye mwili wake ni dalili ya sili iliyokatika. Kisha pandisha gari kwenye stendi imara, si kwenye jeki peke yake, ushike tairi juu na chini na kulitikisa. Mchezo hapo huelekeza kwenye beringi au boljointi. Shika tena kushoto na kulia: mchezo wa upande huo ni wa tairodi au reki ya usukani. Bushi za arm huonekana kwa macho, na mpira uliopasuka hadi kwenye chuma hauhitaji mjadala.

Vitu hivi vina utaratibu wake wa kubadilishwa, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia pamoja. Kofia ya juu ya shokapu, yenye mpira na beringi, ibadilishwe wakati huohuo, kwa sababu kazi ya kuifikia ni ileile. Springi ya mbele imebanwa kwa nguvu inayoweza kumuua mtu ikifyatuka, kwa hiyo fundi atumie klempu za springi mbili zilizo nzima. Fundi anayeifunga kwa waya au kamba anahatarisha uso wake, na mwenye gari ana haki ya kumzuia.

Kuna siri moja ya bushi ambayo gereji nyingi huipuuza. Bolti inayopita kwenye bushi ya arm isikazwe gari likiwa hewani. Bushi ya mpira hushika mahali ilipokazwa. Ikikazwa miguu ikining'inia, gari likishushwa mpira unakaa umejipinda siku zote, na baada ya miezi michache umechanika. Bolti hizo zikazwe kidogo tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, ndipo zikazwe kabisa. Kazi hiyo haiongezi gharama, ila inaongeza maisha ya bushi kuliko hata tofauti ya bei kati ya bushi ya asili na ya kuiga. Kwa Carina na Corolla za umri huu, bolti ndefu ya arm za nyuma mara nyingi imeshika kutu ndani ya bushi. Ipakwe mafuta ya kulegeza siku moja kabla.

Sasa suala la kimo. Karibu kila mwenye sedani Masasi na Newala anatamani gari lipande, na haja hiyo ni ya kweli: kati ya alama mbili za matairi ya malori hubaki tuta la mchanga linalokwangua sampu na bomba la eksozi. Njia ya kwanza, na iliyo salama kuliko zote, ni matairi. Gari lililovaa 175/65 R14 likivishwa 185/70 R14, kipenyo cha tairi huongezeka kwa milimita 31 hivi, maana yake tumbo la gari hupanda karibu sentimita moja na nusu. Spidomita nayo itadanganya kidogo: ikisoma 80, gari liko kwenye 84. Kabla ya kulipa, fundi azungushe usukani hadi mwisho pande zote mbili, watu wazima wakiwa wamekaa ndani, ahakikishe tairi haligusi bodi wala shokapu.

Njia ya pili ni spesa, vile vipande vya chuma au plastiki ngumu vinavyowekwa juu ya shokapu. Spesa hupandisha kimo tu. Springi inabaki na nguvu ileile. Sentimita 2 au 3 zinatosha. Zaidi ya hapo, draivishafti za mbele hufanya kazi kwa pembe kali kuliko ilivyokusudiwa, jointi zake zinaanza kulia kwenye kona, na buti za mpira zinakatika na kuingiza mchanga. Gari lililopandishwa pia hulala zaidi kwenye kona, na likiwa na abiria watano na mzigo, hilo si jambo dogo wakati wa kushuka mlima.

Njia ya tatu ni springi ngumu zaidi. Hapa yafaa kuijua hesabu moja. Springi mbili zenye upana na mizunguko sawa, moja ikiwa ya waya wa milimita 12 na nyingine 13, hazitofautiani kidogo kama jicho linavyodhani: ile ya 13 ni ngumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Kwa hiyo anayetafuta springi za nyuma kwenye maduka ya spea zilizotumika aende na kipimo cha unene, ahesabu mizunguko, alinganishe na ya zamani. Milimita moja inatosha kwa gari linalobeba salfa nyuma. Ukichukua mbili, gari tupu litaruka kwenye kila bati la barabara na shokapu mpya zitakufa mapema, kwa kuwa shokapu ya kawaida haina nguvu ya kuituliza springi ya aina hiyo.

Halafu chini ya sampu ifungwe kinga ya bati nene la milimita 3, ikiwa na tundu la kutolea oili na matundu ya kupitisha hewa. Ni kazi ya mchomeleaji yeyote wa Masasi mjini, na ndiyo marekebisho ya bei nafuu kuliko yote yaliyotajwa humu.

Kila kilichoguswa miguuni kinabadilisha mwelekeo wa magurudumu. Kama mashine ya kupimia iko mbali, fundi anaweza kuanza kwa kamba mbili zilizovutwa sambamba pande mbili za gari. Sehemu ya mbele ya matairi ya mbele ielekee sawa au iingie ndani kwa milimita moja au mbili tu. Hiyo inatosha kuyaokoa matairi mapya hadi siku ya safari ya Mtwara au Lindi. Na kwenye mchanga wenyewe, upepo wa tairi una msaada mkubwa kuliko spea yoyote: kushusha hadi psi 20 hivi hupanua unyayo wa tairi, mradi mwendo uwe wa polepole na upepo urudishwe kabla ya kukanyaga lami.

Breki hazihitaji maneno mengi, ila zisirukwe. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu kwa miaka, huweza kuchemka nyuzi 140. Anayeshuka kutoka Newala akiwa amekanyaga breki muda wote anaweza kuufikia moto huo, na pedali ikazama hadi sakafuni. Mafuta yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili, na mteremko ushukwe kwa gia ndogo.

Tufike kwenye injini. Kabla ya kuuliza ibadilishwe na ipi, ulizia iliyopo inapoteza wapi nguvu. Injini hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kimo, kwa hiyo mjini Newala asilimia 6 au 7 imekwenda kwa sababu ya hewa tu. Hiyo haitibiki. Yanayotibika ni mengine.

Pima kompresheni. Injini za ukoo huu, 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE, zikiwa na afya husoma psi 191, chini ya 142 hazifai, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi psi 14. Mashine ya kupimia ni ndogo na fundi makini anayo. Kipimo kikiwa kizuri, kuiondoa injini hiyo ni kupoteza mali. Badilisha plagi, waya za plagi na kofia ya distributa. Safisha nozeli. Kagua taiming: kwa injini hizi ni nyuzi 10 ikiwa sailensa, na fundi lazima aunganishe vituo viwili vya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi kabla ya kupima, la sivyo kompyuta inasogeza taiming na kipimo kinakuwa cha uongo. Kagua pia eksozi. Katalisti iliyoziba humfanya mtu aamini injini imechoka, kumbe haitoi pumzi.

Vumbi la uwandani ni adui mwingine. Mchanga laini ukipita kwenye mpira wa hewa uliopasuka huzikwangua ringi kama msasa. Kwa sababu hiyo chujio la wazi lenye umbo la pia, ambalo vijana hulipenda kwa mlio wake, halifai huku. Kisanduku cha asili chenye kifuniko kinachobana ndicho kinachofaa, na chujio lipigwe upepo mara kwa mara kutoka ndani kwenda nje.

Kuhusu kupoza injini, tabia ya kutoa themostati ikomeshwe. Themostati ya injini hizi hufunguka karibu nyuzi 82. Ikitolewa, injini hutembea baridi, kompyuta humwaga petroli zaidi, na ringi huchakaa. Kama gari linachemka mlimani, chanzo kitafutwe: rejeta iliyoziba, feni isiyowaka kwa wakati, mfuniko wa rejeta usioshika tena mgandamizo wake wa bar 0.9. Na kwa kuwa juu ya uwanda maji ni ya shida, mchanga huyanyonya na watu wamekuwa wakiyafuata mbali kwa vizazi, dumu la kuleanti liwe kwenye buti kila safari.

Baada ya yote hayo, kuna atakayebaki na haja ya kweli ya nguvu: anayebeba mzigo kila siku, au ambaye 5A-FE yake imeshuka chini ya psi 142. Kwa Carina ya 1.5, jibu bora ni 7A-FE ya lita 1.8. Kiwanda chenyewe kiliuza Carina Ti zikiwa na injini hizo mbili, kwa hiyo mauntini, draivishafti na nafasi vinakubaliana bila kuchomelea. Kinachoitofautisha ni mwendo wa pistoni: milimita 85.5 dhidi ya 77 za 5A-FE. Pistoni inayosafiri zaidi hutoa nguvu ya kuvuta mapema, na 7A-FE hufika kilele chake cha karibu niutoni-mita 157 kwenye mizunguko 2,800 hivi kwa dakika.

Ilinganishe na 4A-GE ya valvu 20 yenye kofia nyeusi, injini ambayo wapenzi wa mbio huitafuta sana. Ina farasi 165, namba ya kupendeza kwa gari dogo. Lakini mvuto wake ni niutoni-mita 162, karibu sawa na wa 7A-FE, na unapatikana kwenye mizunguko 5,600. Dereva aliyekwama kwenye mchanga hana mizunguko 5,600. Akiilazimisha, tairi linachimba shimo. Vivyo hivyo 1JZ-GTE ya Mark II Tourer V, lita 2.5 na tabo, farasi 280: injini imara na ya kusifiwa, ila mahali pake ni kwenye lami ndefu na kwenye mfuko mnene. Tangu ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa mwaka 2017 na tozo kuhamishiwa kwenye mafuta, mwenye injini kubwa analipa kodi kila anapojaza tangi.

Injini iliyotumika itatoka Dar es Salaam, kwenye maduka ya Kariakoo na Ilala, nyingi zikiwa zimetoka Japani au zimepitia Sharjah. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mto Rufiji mwaka 2003, mzigo unafika Masasi bila kusubiri kivuko, lakini kuirudisha injini mbovu bado ni gharama. Nenda mwenyewe au mtume fundi. Aitazame oili, afungue mfuniko wa valvu aone kama kuna lami nyeusi, azungushe kranki kwa mkono, apime kompresheni kama muuzaji anaruhusu. Mkanda wa taiming na sili zibadilishwe injini ikiwa bado chini, ambapo kila kitu kinafikika.

Jambo moja lisisahaulike dukani: 7A-FE nyingi za Japani ni za toleo linalochoma petroli kidogo kwa hewa nyingi, na zina kompyuta na sensa zake. Ichukuliwe pamoja na kompyuta na waya wake wote, visikatwe kwa msumeno. Kuifunga kwa kompyuta ya 5A-FE kunaleta gari linalosita, linalokula mafuta, na ambalo kila fundi atalilaumu kwa sababu tofauti. Uliza pia ilitoka kwenye gari la gia za mkono au otomatiki.

Chukua risiti ya EFD yenye namba ya injini. Kadi ya gari inabeba namba hiyo pamoja na ukubwa wa injini, na mabadiliko hayo yapelekwe TRA, gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kisha kampuni ya bima ijulishwe. Asiyefanya hivyo atakutana na tatizo siku ya kuuza, au siku ya ajali bima inapolinganisha namba.

Wakati mzuri wa kazi hii hauendani na wakati wa fedha. Korosho hulipwa mwishoni mwa mwaka, mvua nazo zinaanza. Ni busara kufanya miguu, breki na matairi mara moja, gari lipite masika likiwa salama, na fungu la injini lisubiri Mei au Juni, ambapo gari linaweza kulala gereji wiki mbili bila familia kukwama kwenye tope.

Injini ikishafungwa, isipandishwe mlima na mzigo siku hiyohiyo. Kilomita za mwanzo ziwe za nchi ya chini, kati ya Masasi na Ndanda, kwa mwendo unaobadilika na bila kukanyaga mafuta hadi mwisho. Baada ya kilomita 500 fundi akaze upya mauntini, bolti za miguu na nati za magurudumu, na atazame kama kuna sili inayovuja. Kwenye kilomita 1,000 oili na chujio vibadilishwe, hata kama oili bado inaonekana safi, na oili ya zamani imwagwe kwenye beseni jeupe ili vipande vya chuma, kama vipo, vionekane.